Siku Mizani Ilipopanda Machela

Siku tulipotangazwa kuwa kata yenye kuridhika kuliko zote wilayani, nilipiga makofi kama wengine. Nilipiga hata kabla sijasikia zawadi yenyewe ni nini.

Tulikuwa ukumbini Mwalamba, huku kwetu milimani Upare. Wajumbe kumi na wawili wa Jopo la Wananchi walikuwa wamekaa nusu duara, kila mmoja na bangili yake ya kijivu mkononi. Mimi, Namsifu Mshana, ndiye msimamizi wao. Kazi yangu ni kuwavalisha bangili, kuwasomea swali kama lilivyoandikwa, kungoja miili yao ijibu, kisha kufunga kikao. Mbele yetu alisimama Mhandisi Kobelo kutoka wilayani, Mluguru mpole mwenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi kwa matope yetu.

"Mwalamba mmeridhika na huduma ya dharura kwa asilimia tisini na moja," alisema. "Hakuna kata iliyowahi kufika hapo. Hongereni sana, ndugu zangu."

Tukapiga makofi tena. Mama Nakiete, mkulima wa tangawizi anayejulikana kwa mdomo wake tangu Mwalamba mpaka bondeni, akapiga na kigelegele.

"Kwa hiyo," Mhandisi aliendelea, na sauti ikamshuka, "chombo chenu cha dharura kinahitajika zaidi kwingine. Kule Kwamtumbo, tambarare, wameridhika kwa asilimia thelathini tu. Wiki ijayo kitaanza kwenda huko kwa majaribio. Jopo la mwisho likithibitisha matokeo haya, kitahamia moja kwa moja."

Makofi yalikufa. Naetwe, mwalimu wa darasa la pili, aliweka mkono juu ya tumbo lake lililokwisha kuwa kubwa, akanitazama mimi na si Mhandisi. Ujauzito wake ulikuwa wa miezi saba na nusu. Uzazi wake wa kwanza alitoka damu hadi akazimia, na daktari wa hospitali ya bondeni alimwambia waziwazi kwamba wa pili lazima ajifungulie kwake, kwa upasuaji, na asithubutu kuchelewa. Barabara ya kwenda bondeni ilikuwa imekatika tangu masika. Kilichobaki cha kumfikisha Naetwe kwa daktari yule ni kile chombo, kindege kisicho na rubani chenye kitanda kimoja, ambacho sisi tulikiita Nyuki kwa sababu ya mlio wake.

*

Mizani, ndivyo ulivyoitwa mfumo wa bangili zile, ililetwa kwa nia njema na siwezi kuisema vibaya. Zamani serikali ikitaka kujua watu wanaionaje huduma, ilituma vijana na madodoso, na watu wakawajibu vijana wale kwa adabu: nzuri, hatujambo, tunashukuru. Nani atampa mgeni habari mbaya kabla hajaketi? Wataalamu wakachoshwa na adabu yetu, wakaunda bangili inayosoma jasho, mapigo ya moyo, pumzi, na hata misuli midogo ya koo inayokaza mtu anapomeza neno. Wiki ya kwanza bangili inakusoma wewe mwenyewe tu, unavyokasirika na unavyofurahi, ili isikupime kwa kipimo cha jirani. Kisha unasomewa swali, unakumbuka mara ya mwisho ulipoihitaji huduma, na mwili unajibu. Maneno hayaandikwi popote.

Kwa miji mingi ilifanya kazi vizuri mno. Kuna zahanati zilipata dawa, kuna visima vilichimbwa, kwa sababu miili ya watu ilisema yale ambayo vinywa vilikuwa vikiyafunika kwa miaka. Nilijiunga na kazi hii kwa sababu ya visima hivyo, na mpaka leo sijutii.

Ila Mizani haikuujua msaragambo. Msaragambo ni mwito wa kazi ya pamoja. Pembe ikilia, unaacha jembe, unaacha chungu jikoni, unakwenda. Ndivyo tunavyozibua mifereji, na ndivyo tunavyobeba wagonjwa. Masika ile Nyuki aliitwa mara nyingi asije, mara betri, mara ukungu, mara yuko kazini kwingine, na kila mara pembe ililia na machela ikashuka bondeni kwa mabega ya watu. Mjumbe akiambiwa akumbuke mara ya mwisho alipoihitaji huduma ya dharura, aliyakumbuka mabega yale. Alimkumbuka jirani aliyemvulia koti. Moyo ulitulia, pumzi ikashuka, na bangili ikaandika kwamba ameridhika. Haikuwa na namna ya kuuliza ameridhika na nani.

Watani wetu husema Mpare anapenda kesi, kwamba yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi. Sikatai. Lakini tunashtaki mtu aliyetunyang'anya kitu. Jambo tulilokwisha kulimaliza wenyewe kwa mabega yetu, na mgonjwa akapona, tunamshtaki nani tena? Tunashukuru, tunarudi shambani.

*

Ikabidi niwafundishe watu kununa.

Naandika hivyo bila kujificha, maana ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili baada ya tangazo nilichukua bangili ya mazoezi, isiyotuma chochote wilayani, nikaenda kwa Mama Nakiete. Nilimkuta uani akiosha tangawizi, na Naetwe amekaa kwenye kigoda akimpigia soga.

"Mama, shikamoo. Nimekuja na shida."

"Marahaba, mwanangu. Leta shida yako, ila shika na kisu."

Nikamweleza huku nikikwangua tangawizi. Wakati wa kikao cha mwisho, swali likisomwa, wajumbe wasikumbuke machela. Wakumbuke kitu cha kuwaudhi, kitu chochote, na bangili itasoma hasira. Asilimia itaanguka, Nyuki atabaki.

"Hilo tu?" Mama Nakiete alinyoosha mkono. "Nivalishe. Nitakumbuka kesi ya mpaka na shemeji yangu. Miaka minne yule mtu ananihangaisha mahakamani."

Nikamvalisha. Akafumba macho, akakunja uso, pua ikamtanuka. Nikatazama kioo kidogo cha bangili, nikatazama tena. Ilikuwa imesoma furaha tupu.

"Mama, unaipenda hii kesi."

Alifungua jicho moja. "Si nashinda!"

Naetwe alicheka mpaka akashika kiuno. Tulicheka wote watatu, kisha nikamwomba yeye naye ajaribu. Hakunyoosha mkono.

"Dada Namsifu, nisamehe," alisema. "Wewe unanitafutia mimi uhai, hilo nalijua na Mungu akubariki. Lakini mwaka ule wa uzazi wa kwanza nilibebwa na watu. Mzee Senkoro alinibeba na goti lake bovu, hakubadilisha bega hadi mtoni. Mama huyu hapa alikuwa anakimbia pembeni na maji yangu ya kunywa. Sasa nikae ukumbini, niwakumbuke, nikunje uso? Nitakuwa nawasengenya kwa mwili."

"Ni uso tu, Naetwe. Ni dakika chache."

"Na tukizoea? Siku pembe ikilia nani ataitika, ikiwa tumejifunza kwamba shukrani inatuponza?"

 Mama Nakiete aliacha kuosha tangawizi, na akiacha kazi yeye ujue jambo limemwingia. Nikaivua bangili mkononi mwake, nikamaliza kukwangua tangawizi iliyobaki, nikaenda zangu. Njiani nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi, maana Mhandisi alikuwa mwema, na watu wangu walikuwa wema, na Naetwe angeweza kufa katikati ya wema wote huo.

*

Siku ya jopo la mwisho Nyuki alikuwa Kwamtumbo kwa majaribio. Mhandisi Kobelo alipanda kwa miguu kutoka bondeni, akafika na viatu ambavyo havikung'aa tena. Tulimpa maji ya kunawa na bakuli la makande. Wajumbe wote kumi na wawili walikuja, Mama Nakiete, Naetwe na Mzee Senkoro wakiwemo. Niliwavalisha bangili moja moja, nikafungua kikao, taa za bangili zikawaka, na wilayani, alisema Mhandisi, wakubwa walikuwa wamekusanyika mbele ya kioo kikubwa cha ukutani kutazama.

Nilishika karatasi ya swali. Sikuwa nimewaambia wajumbe wanune, sikuwa nimewaambia chochote. Nilikuwa nimefungua mdomo kusoma pale Naetwe aliposimama.

"Dada," alisema. "Naona kama natoka damu."

Muuguzi wa zahanati yetu alifika akikimbia, akamlaza kwenye mkeka, akamtazama, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hapa haiwezekani, ni bondeni na ni sasa. Mhandisi alikuwa tayari amekipigia simu kituo cha dharura. Sauti ya kituo ilitoka kwenye kishikwambi chake, tamu na tulivu, sote tukaisikia: "Ombi lenu limepokelewa. Chombo kiko kazini Kwamtumbo. Kitafika Mwalamba baada ya saa tatu."

Kwenda bondeni na machela ni mwendo wa saa tatu hizo hizo, ukikaza mwendo.

"Ngojeni basi," alisema Mhandisi, uso umempauka. "Nitawapigia tena. Lazima kuna namna."

Hakuna aliyemngoja. Mzee Senkoro alikwisha toka nje, na pembe ikalia.

*

Nimewavalisha watu bangili miaka mitano, lakini siku ile ndipo nilipowaona. Machela ilikuwa ya miti miwili na turubai, Naetwe juu yake amefunikwa kanga tatu, muuguzi ubavuni. Wanne mbele, wanne nyuma, na wengine wakifuata kupokezana. Kwetu, ukikutana na machela njiani, hugeuzi uso wala huulizi ni nani. Unaweka mzigo wako kando na kuingia begani. Basi tulipokuwa tukishuka idadi ikaongezeka, mtu aliyekuwa na kuni, mtu aliyekuwa na ndizi, wakiacha vitu vyao njiani bila hofu ya kuibiwa. Mhandisi Kobelo naye aliingia begani. Aliteleza, akaanguka kwa magoti, akainuka akaingia tena, na Mama Nakiete aliyekuwa akikimbia na galoni la maji akamwambia, "Vua hivyo viatu, baba, vitakuua," akavivua.

Mtoni tulisimama kubadilisha mabega. Naetwe alikuwa ameanza kutetemeka. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakushika kitu. Muuguzi alimwekea dripu nyingine, akaomba dakika chache.

Hapo ndipo Mhandisi alipokitazama kishikwambi kilichoning'inia shingoni mwake, akanivuta kando.

"Dada Namsifu, hujafunga kikao. Bangili zote zinatuma. Na ya huyu mwalimu pia. Wanamwona." Alinigeuzia kioo. "Wilayani wanauona moyo wake ukutani."

Nilihisi aibu, kana kwamba nimemwacha Naetwe bila nguo mbele ya wageni. Wazo langu la kwanza lilikuwa kufunga papo hapo. Neno moja tu kwenye bangili yangu ya usimamizi na taa zote zingezimika. Kisha likaja wazo la pili, na nilitamani lisingekuja. Kinachohesabiwa na Mizani ni mwili kuanzia swali linaposomwa hadi kikao kinapofungwa. Na swali sikuwa nimelisoma bado.

"Unawaza nini?" aliuliza Mhandisi, ingawa nadhani alijua.

"Nawaza kusoma swali."

"Hapa? Hapana, dada. Hiyo si haki. Mtu anakumbuka akiwa ametulia, ndiyo kanuni. Ukimuuliza mtu akiwa katika maumivu unapata maumivu, hupati maoni."

"Na mkimuuliza amekwisha pona, amekunywa chai, yuko na majirani waliomwokoa, mnapata nini?"

 Na kusema kweli sikuwa nimemshinda, maana maneno yake yalikuwa na ukweli. Kumuuliza mtu aliye kwenye machela swali la serikali ni kumpekua mfukoni akiwa amelala. Kutomuuliza ni kumwacha mwingine abebwe njia hii hii mwakani, na pengine huyo asifike mtoni. Nilisimama kwenye changarawe, nikaona kwamba haki ya kuchagua haikuwa yangu. Nikaenda nikachuchumaa kichwani pa Naetwe.

"Mwalimu, bangili yako inatuma. Watu wa wilayani wanakuona. Naweza kuizima sasa hivi, na niko tayari kuizima. Au naweza kuwasomea wote lile swali, hapa tulipo. Useme wewe. Ukisema zima, nazima, na hakuna atakayekulaumu."

Midomo yake ilikuwa mikavu. 

"Hawa hawataonekana wananung'unika?" aliuliza, akimaanisha waliombeba.

"Hapana. Swali ni la huduma. Siulizi habari za mtu yeyote."

"Basi soma," alisema. "Soma haraka, nasikia baridi."

Nikasimama. Karatasi niliiacha ukumbini, lakini swali nalijua kama sala. "Wajumbe wa Jopo la Wananchi," nikasema kwa sauti ya kuushinda mto, "kumbukeni mara ya mwisho mlipoihitaji huduma ya dharura ya serikali. Je, mmeridhika nayo?"

Walinigeukia. Mzee Senkoro alikuwa ameshika goti. Mmoja alikuwa na damu ya Naetwe kwenye mkono wa shati. Mama Nakiete alifungua mdomo, kwa mara ya kwanza nilimwona ameufungua bila neno, akatazama juu, mahali ambapo Nyuki angekuwa, akaufunga. Hakuna aliyenuna. Walimtazama tu Naetwe, kisha wakatazama njia iliyobaki. Mhandisi alikitazama kishikwambi, halafu akakigeuzia kifuani ili asikione.

Nilingoja muda unaotakiwa na kanuni, wala sikuzidisha. "Kikao kimefungwa," nikasema. Nilipita nikikusanya bangili, nikazitia kwenye mkoba. Ya Naetwe niliivua mwisho, mkono wake ukiwa wa baridi, nikaubusu mkono ule kabla ya kuurudisha chini ya kanga.

"Haya, mabegani," alisema Mzee Senkoro.

*

Tulifika. Kipande cha mwisho sikikumbuki vizuri, nakumbuka tu kwamba Nyuki alitupita juu akienda Mwalamba kumchukua mgonjwa aliyekuwa mabegani mwetu, na kwamba watu walikuwa wamechoka kiasi kwamba hakuna aliyemtukana. Daktari alimpokea Naetwe mlangoni. Tukakaa kwenye majani nje ya wodi, miguu imevimba.

Kishikwambi cha Mhandisi kililia kabla ya taarifa yoyote kutoka ndani. Alisoma, akanipa nisome mwenyewe. Mwalamba, asilimia nne. Kata ya mwisho mkoa mzima. Chombo kirudi leo hii na kisihamishwe, na Kwamtumbo itafutiwe chake. Hata zile nne nadhani ni za Mama Nakiete, ambaye hawezi kumkasirikia mtu yeyote zaidi ya dakika mbili. Niliwasomea wenzangu. Waliitikia kwa vichwa, macho yao yakarudi kwenye mlango wa wodi.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na muuguzi wetu, aliyeingia na Naetwe akiwa na kanga yake yenye matope, akatoka akilia na kucheka kwa pamoja.

"Wa kike," alisema. "Mama mzima. Wote wazima."

Sijui niseme nini juu ya dakika zile. Mzee Senkoro alilala chali kwenye majani akasema asante, asante, hata sijui akimwambia nani. Mtu wa kuni na mtu wa ndizi, ambao hawakuwahi kujuana, walikumbatiana. Kila mtu alimshika mkono kila mtu, tukapeana pole, tukapeana hongera, tukashukuru Mungu, tukamshukuru daktari, tukashukuru bega la huyu na goti la yule. Mimi nililia hadi nikaona haya. Nilikuwa na shukrani nyingi kuliko nilivyojua mtu anaweza kubeba, na mkoba wa bangili ulikuwa umefungwa kando yangu, kimya, taa zimezimika.

Wanawake wa pale bondeni walituletea uji wa moto kwenye vikombe. Mhandisi Kobelo alikuja akachuchumaa mbele yangu, pekupeku, suruali imechanika gotini.

"Dada Namsifu," alisema, na sauti haikuwa yake ya ukumbini. "Kikao kimefungwa, najua. Lakini Mizani haijawahi kuona kitu kama hiki. Kwa ajili ya utafiti tu, tuwavalishe tena dakika tano. Ili ijue."

Nilitazama mkoba. Nadhani ningeweza kukubali, maana aliomba kwa moyo. Lakini Mama Nakiete alikuwa amemsikia. Alikuja na kikombe mkononi, akasimama kati yangu na yeye, bila ukali wowote.

"Hii si ya serikali, baba," alimwambia. "Hii ni yetu. Na wewe umo. Kaa chini, unywe uji."

Mhandisi alikaa. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama," na chozi likamdondokea ndani ya uji. Akaunywa hivyo hivyo.